Mazoezi ya sebuleni kwa gemu zinazofuata mwendo wa mwili

Jioni ya kwanza niliyowasha Kinect, kamera ya gemu inayofuata mwendo wa mwili, nyumbani kwangu nilikuwa nimevaa dera. Nilinyoosha mkono, na yule mtu wa kwenye runinga akanyoosha wake. Nilipoinua goti, lake halikuinuka. Miguu yake ilitetemeka tu mahali pamoja kama imenaswa kwenye matope. Nikaamini nimeuziwa kitu kibovu. Kesho yake mwanangu akasimama pale pale na kaptula yake, na kila kitu kikaenda sawa. Kamera ile husoma umbo la mwili kiungo kwa kiungo, na dera lilikuwa limefunika nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Nikavaa taiti na fulana, goti likaonekana.

Naishi ghorofa ya tatu, Tudor, Mombasa. Jumba la mazoezi lililo karibu nami halina saa za wanawake peke yao, na barabara ya chini haina njia ya waendao kwa miguu. Mama yangu ana presha, nami nilishaanza kuambiwa nichunge yangu. Iliyobaki ni sebule. Kwa hiyo naandika kwa mwenye sebule ya kawaida, pesa za kawaida, na majirani wanaoishi chini ya sakafu yake.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya hatua yoyote, maana hatua zote zimetoka humo: mashine hizi huhesabu kile tu zinachokiona, na jasho lako hazilioni. Rimoti iliyo mkononi haijui kama miguu imesimama tuli. Kamera haijui kama umekaza tumbo. Ukicheza kwa ajili ya alama unaweza kuzipata nyingi bila zoezi lolote la maana. Ukijua mashine yako inaona nini na haioni nini, wewe ndiye utakayejaza yale isiyoyaona.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inaona nini

Kuna zile za rimoti ya kushika mkononi. Wii, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo iliyotoka 2006, ndiyo iliyoziingiza majumbani duniani kote. Ndani ya rimoti yake mna kihisi kidogo kinachopima jinsi mkono ulivyochapuka na upande ulioelekea. Kuhusu mwili wako hakijui zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu aliyelala kwenye kochi anaweza kushinda tenisi ya Wii kwa kuzungusha kiganja tu. Kile kijiti chembamba kinachowekwa juu ya runinga wengi hudhani ndicho kinachotazama, kumbe ni taa tu za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho yetu. Jicho liko kwenye ncha ya rimoti. Taa kali, mshumaa au jua karibu na runinga huichanganya rimoti ikashindwa kulenga.

Just Dance, gemu ya kucheza dansi iliyoanza 2009 kwenye Wii hiyo hiyo, inafuata kanuni ile ile hata leo unapotumia simu yako badala ya rimoti: inahesabu mkono wa kulia. Mkono wa kushoto na miguu yote miwili ni juu yako.

Kuna ubao wa kusimamia, Balance Board, uliotoka na gemu ya mazoezi ya Wii Fit nchini Japani mwishoni mwa 2007 na kufika kwingine 2008. Una vihisi vinne vya uzito, kimoja kila pembe, kwa hiyo unajua umeegemea mbele, nyuma, kushoto au kulia, kwa usahihi wa kushangaza. Mikono yako hauijui kabisa. Kwa mtu mzima anayetaka kuimarisha mizani ya mwili wake asianguke bafuni, sijaona kifaa cha nyumbani kinachoupita.

Kuna kamera. Kinect ya Microsoft ilitoka Novemba 2010 kwa ajili ya mashine yake ya gemu, Xbox 360. Humwaga vidoa vingi mno vya mwanga wa infraredi, kisha kamera yake hutazama vidoa hivyo vimesogea vipi vilipogonga mwili wako, na kutoka hapo hukisia umbali wa kila sehemu. Hufuata viungo 20 kwa kila mchezaji, wachezaji wawili kwa pamoja, mara 30 kwa sekunde. Hushiki kitu mkononi, na mwili mzima umo ndani ya hesabu. Ila nguvu unayotumia haionekani: ngumi ya kivivu na ngumi ya kweli zikifika mahali pamoja, kwake ni karibu sawa.

Halafu kuna Ring Fit Adventure, gemu ya mashine ya Nintendo Switch, iliyotoka Oktoba 2019. Unapewa pete kubwa ya kubinya na kuvuta, na mkanda wa kufunga pajani. Rimoti ndogo ya kulia inaingia kwenye pete, ya kushoto inaingia kwenye mkanda. Pete yenyewe ni ngumu, inakataa, kwa hiyo mikono na kifua vinafanya kazi hata ukitaka kuvihurumia. Na kihisi kilicho ndani kinapima umeibinya kwa nguvu kiasi gani. Kwangu mimi hii ndiyo gemu ya mazoezi iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, na kama pesa zinaruhusu ningekushauri uanze nayo.

Miwani ya uhalisia pepe, kama Meta Quest, naiacha. Inatoa jasho, lakini inakufunika macho katika chumba chenye watoto na pembe za kabati.

Hatua ya 2: Nunua kitu kilichokamilika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tuanze na Xbox 360 na Kinect, kwa sababu ndizo za bei nafuu kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, iwe Luthuli Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam. Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, kwa hiyo utakayouziwa imeshatumika, ama imekaa stoo miaka. Si vibaya. Ila kagua haya.

Waya wa umeme. Xbox 360 za mwanzo kabisa, zile nene, hazina tundu maalumu la Kinect. Zinahitaji adapta inayogawa waya, ncha moja ikiingia kwenye USB na nyingine kwenye soketi ya ukutani. Zile nyembamba za baadaye zina tundu lake nyuma, na adapta haihitajiki. Mimi niliuziwa mashine nene na Kinect bila adapta. Nilirudi dukani mara mbili, mara ya pili nikaambiwa hiyo huuzwa kando, na nikaitafuta kwa wiki tatu. Uliza kabla hujatoa pesa.

Volti. Mashine zinazotoka Marekani mara nyingi huja na adapta ya volti 120, na umeme wetu ni 240. Soma kibandiko cha adapta. Kikiandikwa 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Kikiandikwa 120V peke yake, itaungua, labda upate transfoma ya kushusha umeme. Chaja ya Switch haina shida hii.

Diski. Duka la mtandaoni la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024, kwa hiyo huwezi tena kununua gemu mpya kupitia mashine yenyewe. Ni diski tu. Hakikisha pia diski ni ya eneo la mashine yako, kwa sababu baadhi ya diski za Marekani hazisomwi na mashine za soko letu. Na usidanganywe kwamba gemu za Kinect za Xbox 360 zitacheza kwenye Xbox One, mashine iliyofuata. Hazichezi, hata ukiwa na Kinect ya Xbox One. Xbox za sasa hazikubali Kinect kabisa.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awashe. Angalia kichwa cha Kinect kikijiinamisha chenyewe, maana ndani yake mna mota. Simama mbele yake, inua mikono, inua mguu mmoja mmoja. Fungua na ufunge tundu la diski mara tatu. Asiyekubali uijaribu, usinunue kwake.

Gemu za kuanzia: Kinect Adventures huja na Kinect yenyewe mara nyingi. Your Shape: Fitness Evolved ya Ubisoft ndiyo ya mazoezi hasa, inakuonyesha umbo lako mwenyewe kwenye skrini, si mwanasesere, na ina madarasa ya ngumi na ya mazoezi ya taratibu yasiyo na kuruka. Dance Central ni ya dansi, na kwa kuwa ni kamera, miguu yako nayo inahesabiwa.

Kwa Ring Fit, gemu peke yake bila pete na mkanda haina faida, kwa hiyo nunua seti nzima. Switch Lite ina rimoti zilizogandana na mwili wake, utahitaji jozi ya Joy-Con, zile rimoti ndogo za Switch, kando. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inaiendesha gemu, lakini rimoti zake mpya haziingii kwenye pete. Zinatakiwa zile Joy-Con za zamani.

Na kama huna pesa ya mashine yoyote: kuna programu za simu na tableti zinazotumia kamera ya mbele kufuata mwili wako, kama Active Arcade. Egemeza simu kwenye kitu kizito, usogee nyuma hadi uonekane mzima kuanzia unywele hadi ukucha, ucheze. Skrini ni ndogo, lakini ni mwanzo wa kweli.

Hatua ya 3: Pima sebule, kisha ipange upya

Kinect ya Xbox 360 inataka mita 1.8 kati yako na kamera ukiwa peke yako, na mita 2.4 mkiwa wawili. Huna futi kamba? Kanga ina urefu wa karibu mita 1.5. Itandaze sakafuni kuanzia chini ya kamera, ongeza shubiri mbili, hapo ndipo pa kusimama. Weka alama kwa utepe. Nyuma yako na kando yako acha nafasi ya kunyoosha mkono wote bila kugusa kitu.

Kamera yenyewe iwe katikati ya runinga, juu yake au chini yake, kati ya sentimita 60 na mita 1.8 kutoka sakafuni. Isiwe juu ya spika, maana mtikisiko unaiharibia hesabu. Na usiiinamishe kwa mkono. Ina mota yake, na ukiilazimisha utaivunja meno.

Sasa tazama juu. Nyumba zetu zina feni za darini, na nyingine zimening'inia chini sana. Simama kwa ncha za vidole chini ya feni iliyozimwa, nyoosha mikono yote miwili. Ukiigusa, au ikibaki nafasi ndogo, hapo si pa kucheza gemu ya kuruka. Tumia feni ya kusimama, uiweke kando, nje ya macho ya kamera.

Sakafu ya vigae ikipata jasho inateleza kama imepakwa sabuni. Mkeka wa ukindu ndio mbaya zaidi, kwa sababu unakimbia na mguu. Mimi hutumia zulia la mpira la kuunganisha vipande, lile la watoto, na raba zenye soli laini. Ukiwa na Balance Board, iweke kwenye sakafu ngumu iliyonyooka. Panda peku.

Meza ya kahawa iondoke kabisa. Usiseme utaikwepa. Ukiwa katikati ya ngoma unatazama runinga, hutazami ugoko wako.

Hatua ya 4: Mwanga na nguo

Jua lina infraredi nyingi kuliko kifaa chochote cha nyumbani. Likiingia dirishani likapiga kamera au likakupiga wewe, vidoa vya Kinect humezwa, na mtu wako wa kwenye runinga huanza kukatika mikono. Sebule yangu hupokea jua la alasiri, kwa hiyo saa kumi hadi magharibi nafunga pazia zito. Usiku hakuna shida. Kinect huona umbali hata gizani, ingawa kukutambua uso inahitaji taa.

Nguo nimeshasema: dera, buibui, kanzu, kikoi, kanga iliyofungwa kiunoni, zote zinaficha magoti. Suruali ya mazoezi na fulana inayofika nyongani zinatosha, si lazima zibane. Mtandio mrefu unaoshuka hadi viwikoni unaficha mabega. Badala yake vaa hijabu fupi iliyobanwa, au kofia. Kwa rimoti na Ring Fit nguo haina tofauti kwa mashine, ila dera litakukwaza miguu unapokimbia papo hapo.

Na dada zangu, jambo la picha. Baadhi ya gemu za Kinect, Kinect Adventures ikiwemo, hukupiga picha ukicheza na kukuonyesha mwisho wa raundi. Hazitoki nje ya mashine usipozituma, na mashine isiyounganishwa na intaneti haina pa kuzipeleka. Lakini zinajitokeza kwenye runinga mbele ya yeyote aliyeingia sebuleni. Ukiwa umejisitiri nyumbani kwako bila hijabu, usichague kuzihifadhi, na ukimaliza geuza kamera ukutani au ifunike kitambaa.

Hatua ya 5: Mwili wako kwanza

Mwenye presha, sukari, ugonjwa wa moyo, mimba, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aongee na daktari wake na amweleze kwa maneno ya kweli: nitaruka, nitachuchumaa, nitarusha ngumi kwa nusu saa. Usimwambie tu "nitacheza gemu", atadhani umekaa. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kuishusha awe na kitu kitamu karibu. Mwenye kifafa asome onyo la gemu kuhusu mwanga unaometameta kabla ya kuiwasha.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika ghafla: simama. Usingoje raundi iishe.

Hatua ya 6: Wiki mbili za mwanzo, nenda polepole kuliko unavyotaka

Kosa langu lilikuwa hapa. Gemu inafurahisha, inakuambia umebakisha kidogo, watoto wanashangilia, nami sikuwa nimeruka tangu shule ya msingi. Siku ya kwanza nilicheza saa nzima na robo. Siku ya tatu sikuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, na goti la kushoto liliuma kwa karibu mwezi.

Anza na dakika 15, siku moja cheza, siku moja pumzika. Dakika tatu za kwanza si za gemu: tembea papo hapo, zungusha mabega, zungusha nyonga, chuchumaa nusu mara kumi. Ring Fit inayo sehemu yake ya kupasha mwili mwanzoni na ya kujinyoosha mwishoni, usiziruke. Wiki ya pili ongeza hadi dakika 20. Wiki ya tatu nenda siku tano.

Lengo la kufikia: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli angalau siku mbili. Nusu saa mara tano inakufikisha kwenye 150. Ring Fit inahesabu dakika ulizotembeza mwili tu, si muda uliosoma maelezo au kuchagua mazoezi. Kwangu dakika 20 za saa yake hula zaidi ya nusu saa ya saa ya ukutani, kwa hiyo panga muda ukijua hilo.

Gemu ikikuuliza uzito na umri, sema kweli. Ikikupa kiwango cha ugumu, chukua inachokupa hata kama unaona ni rahisi. Ring Fit ina viwango hadi 30. Una miezi mingi mbele yako.

Ramadhani mimi hupunguza: dakika 20 za mazoezi ya taratibu baada ya tarawehe, maji yakiwa karibu. Kabla ya futari siruki.

Hatua ya 7: Cheza kwa mwili, usicheze kwa alama

Hii ndiyo hatua inayotofautisha anayecheza na anayefanya mazoezi.

Kwenye tenisi na ngumi za Wii, sogea kama mpira upo. Piga hatua kuufuata, zungusha kiuno, rudisha mguu nyuma. Ngumi itoke kiunoni, isitoke kwenye kiwiko. Funga kamba ya rimoti kwenye kifundo cha mkono kila mara. Kamba za mwanzo zilikatika kwa wingi hata Nintendo ikalazimika kuzibadilisha Desemba 2006.

Kwenye Just Dance, iga miguu kwanza na mkono baadaye. Alama zitashuka kwa wiki moja. Mapigo ya moyo yatapanda, na hicho ndicho ulichokuja kutafuta. Simu iwe na kifuko au uishike kwa kitambaa, maana jasho huiponyosha.

Kwenye Kinect, gemu ikitaka uruke na magoti yako hayataki, nyanyuka haraka kwa vidole vya miguu huku ukirusha mikono. Kuna vizuizi utakavyogonga. Vigonge. Ukichuchumaa, visigino vibaki sakafuni, na magoti yaelekee vidole vinakoelekea. Kamera itakukubalia hata ukiinama mgongo badala ya kukunja magoti, lakini uti wa mgongo wako utalipa.

Kwenye Ring Fit, mkanda ufungwe katikati ya paja la kushoto, ubane. Ukilegea unateleza kuelekea gotini na hesabu inakwenda kombo: utachuchumaa sawa na itakwambia hujafika. Unapobinya pete toa pumzi, unapoachia vuta. Nimemwona shemeji yangu akibana pumzi mpaka uso ukaiva, na kwa mwenye presha hilo ni hatari. Magoti au mabega yakiwa na shida, ingia kwenye mipangilio uieleze gemu, itakupunguzia mazoezi ya sehemu hiyo.

Majirani wa chini: Ring Fit ina hali ya kimya, ambapo kukimbia kunageuzwa kuwa kukunja magoti kidogo kidogo. Naitumia kila baada ya saa tatu usiku, na mapaja yanaungua zaidi kuliko kwa kukimbia. Kwenye Kinect chagua ngumi badala ya kuruka.

Utajuaje kwamba unafanya kazi ya kutosha? Zungumza. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko pazuri. Mimi hujaribu kuimba kiitikio cha taarabu. Kikitoka kizima, naongeza nguvu. Ukitaka namba, toa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 40 anapata 180, na mazoezi ya wastani ni kati ya asilimia 64 na 76 ya hiyo, yaani mapigo 115 hadi 137 kwa dakika. Hesabu kwa vidole shingoni sekunde 15, zidisha kwa 4. Ring Fit inaweza kukupimia: weka kidole gumba kwenye jicho dogo lililo chini ya rimoti ya kulia, usitikisike. Lakini anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, kama atenolol, asifuate namba hizi. Afuate kipimo cha kuzungumza.

Hatua ya 8: Watoto na wazee

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 kwa siku, na gemu inaweza kubeba sehemu yake siku za mvua, isichukue nafasi ya kucheza nje. Mpe kila mtoto zamu, na anayengoja akae kando, nje ya macho ya kamera. Akipita mbele yako, Kinect inaweza kumchukua yeye na kukuacha wewe.

Mama yangu alisema hivyo ni vitu vya watoto. Nikamkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, nikampa rimoti ya Wii, nikaweka bowling, mchezo wa kuvingirisha tufe kuangusha pini. Kwa mzee huu ndio mchezo wa kuanzia: mkono mmoja, polepole, hakuna haraka. Baada ya wiki mbili alianza kusimama kila zamu yake ikifika, kisha anakaa. Kusimama na kukaa mara 20 ndilo zoezi lenyewe, nami sikumwambia. Balance Board nilimpandisha baadaye, kiti kikiwa mbele yake cha kushika, na mimi nimesimama ubavuni. Usimwache mzee juu ya ubao ule peke yake hata dakika moja.

Mashine ikikataa

Kinect haikuoni: rudi nyuma nusu hatua, funga pazia, futa kioo chake kwa kitambaa kikavu, kisha urudie kuisawazisha kwenye mipangilio ya Xbox. Inaliona kabati badala yako: sogea mbali na kabati. Balance Board haijiungi na Wii: badilisha betri nne, fungua kifuniko cha betri, bonyeza kitufe chekundu kilichomo pamoja na kile chekundu cha kwenye Wii. Ring Fit inasema unabinya wakati hubinyi: acha kuibinya wala kuivuta pete, uisawazishe upya. Umeme ukikatika katikati utapoteza raundi, si mwezi mzima, lakini kinga mashine kwa kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa nguvu.

Mwezi wa tatu, gemu ikiwa nyepesi

Kwenye Ring Fit panda kiwango kimoja kimoja. Kinect haina uzito wa kukuongezea, kwa hiyo utauongeza wewe. Usishike chupa za maji ukirusha ngumi, zitakuumiza viwiko. Chukua mkoba wa shule wa mtoto, weka ndani pakiti moja ya unga ya kilo 2 iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, vaa mgongoni, vuta kamba zikaze hadi isicheze. Kwa kuwa uko nyuma yako, kamera haiuoni na hesabu haiharibiki. Tumia kwenye kuchuchumaa na kuinua magoti tu. Gemu ikifika mahali pa kuruka, uvue. Pakiti ya pili ingoje wiki nne, na kama goti limelalamika hata mara moja, ingoje zaidi.